Vilima vya Mbita Wakati wa Vuli

Mbita ni mji uliogeukia maji. Gati la feri ya kwenda Luanda Kotieno, omena zilizoanikwa juu ya nyavu, bodaboda wanaogombea abiria wa Rusinga: kila shughuli inatazama ziwa. Ila anayetaka historia ya mahali hapa itambidi ayape maji mgongo na kupanda. Msimu wa kupanda ni vuli, Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba. Mvua fupi huwa zimelaza vumbi, nyasi zimechipua bila kufunika njia, na hewa imesafishwa kiasi cha kuona visiwa vya mbali. Panda alfajiri, pepo zinapotoka nchi kavu kuelekea ziwani. Alasiri mawingu hujikusanya upesi, na kilele kisicho na mti si mahali pa kungojea radi.

Anza na Lunene, kilele cha katikati ya Rusinga. Si kirefu, lakini kinakuonyesha jambo ambalo ukiwa ufukoni huwezi kulikisia. Magharibi iko Mfangano, kusini-mashariki vilima vya Gembe, na kusini Gwassi, yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Macho yanaviona kama visiwa na milima mbalimbali, kila kimoja na jina lake na koo zake. Wanajiolojia wanasema hivi ni vigae vya chungu kimoja. Hapa palikuwa na volkano kubwa, Kisingiri, iliyokuwa hai takriban miaka milioni 18 iliyopita, na kitovu chake ni Rangwa, upande wa Kaksingri. Katikati ya mlima paliporomoka na kuliwa na mmomonyoko, ziwa likaja baadaye sana na kujaza mabonde, na kilichobaki ni kingo. Kwa hiyo mtu anayetembea siku hizi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine anauzunguka mlima usiokuwepo.

Majivu ya Kisingiri hayakuwa ya kawaida. Yalikuwa na chokaa nyingi, kwani volkano hii ilitapika pia miamba ya aina ya kabonatiti, na majivu ya namna hiyo hugeuka jiwe haraka na kuhifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza. Kwenye mteremko wa Hiwegi, Rusinga, yamepatikana matunda, mbegu na hata wadudu waliogeuka mawe. Mahali pengine kisiwani mashina na mizizi ya msitu mzima imebaki pale pale ilipoota, pamoja na mifupa ya masokwe waliokuwa wakiishi juu ya miti hiyo. Leo Rusinga ni kisiwa cha vichaka na mashamba ya mahindi, na kivuli ni cha kutafuta. Ni vigumu kukanyaga kokoto zile na kuamini kwamba hapa palikuwa na msitu uliofunga.

Wageni wa kwanza kuandika kuhusu mifupa hii hawakuanzia Rusinga. Ilionekana kwanza Karungu, kusini zaidi kando ya ziwa, na 1911 akaja Mwingereza Felix Oswald kuichimba. Miongoni mwa vilivyotoka huko ni mabaki ya Deinotherium, jamaa wa tembo aliyekuwa na pembe zilizopinda kuelekea chini kutoka taya la chini. Oswald alitembea sana nchi iliyo kati ya ziwa na nyanda za juu za Kisii akichora miamba yake, na 1915 alichapisha kitabu ambacho kwenye jalada lenyewe kinaiita nchi hii nchi ya malale. Hakuwa anatia chumvi. Ugonjwa huo ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, na fukwe za huku hazikusalimika.

Baada yake walifika wengine, akiwemo Louis Leakey katika miaka ya 1930. Aliyebahatika ni mkewe, Mary. Oktoba 1948, akikagua mteremko wa Rusinga, aliona vipande vya taya na meno vikitokeza kwenye udongo. Vilipounganishwa vikawa fuvu la Proconsul, sokwe asiye na mkia aliyeishi wakati Kisingiri ikinguruma. Jina hilo lilikuwa limetungwa 1933 kwa mabaki ya Koru, na ni mzaha wa wasomi: Consul alikuwa sokwe maarufu wa maonyesho huko Uingereza, na huyu wa kale akafanywa mtangulizi wake. Fuvu la Rusinga lilipelekwa Uingereza kwa ndege, magazeti yakalipokea kwa shangwe. Heshima nyingine ilichelewa zaidi. Heselon Mukiri, Mkenya aliyekuwa msaidizi wa Leakey kwa miongo mingi na jicho kali kuliko wengi wenye shahada, alienziwa 1993 kwa spishi kupewa jina lake: Proconsul heseloni.

Mwezi wa ugunduzi ule, Oktoba, una maana. Mvua ndiyo mchimbaji mkuu wa Rusinga. Miteremko iliyopoteza miti huchanwa na maji, na kila msimu makorongo hufichua mfupa mwingine. Kinachomuudhi mkulima aliyepoteza udongo wake ndicho kinachomleta mtafiti. Sijaona mtu aliyewaweka hawa wawili meza moja ipasavyo.

Tabaka za juu, changa zaidi, zinasimulia nchi nyingine kabisa. Humo kuna mabaki ya Rusingoryx, mnyama wa jamii ya nyumbu aliyekuwa na mfupa wenye uwazi juu ya pua, ambaye huenda aliutumia kutoa mlio mzito. Alikuwa mla nyasi wa mbuga pana. Msitu ulikuwa umekwisha kuondoka, na watu walikuwapo, na zana zao za mawe.

Mfangano inadai siku yake peke yake. Kilele cha Kwitutu kinakaribia mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko kwenye 1,134, hivyo kupanda si mchezo. Kisiwa kina michoro ya miambani huko Mawanga na Kwitone: miduara ndani ya miduara, mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na wawindaji wa kale walioitwa Watwa. Abasuba, ambao mapokeo yao yanasema mababu walivuka maji kutoka upande wa Uganda, waliikuta na kuiheshimu; palikuwa mahali pa kuombea mvua. Lugha yao, Olusuba, imemezwa na Kijaluo karibu kila mahali bara, na Mfangano ndiyo ngome yake.

Chini ya vilima vya Rusinga, Kasawanga, amezikwa mwanasiasa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wakati huo tuta la kuunganisha kisiwa na Mbita lilikuwa halijajengwa. Lilikuja miaka ya 1980, likabana mkondo wa maji, na miaka ya karibuni likafuatiwa na daraja.

Matembezi ninayoyapendekeza kuliko yote yako bara, juu ya ukingo wa Kanyamwa. Unatembea na boma za watu upande mmoja, na upande wa pili ardhi inaanguka ghafla hadi Bonde la Lambwe. Ng'ambo iko Gwassi. Kaskazini Gembe na Ruri. Bonde limekaa tupu, na sababu ni mbung'o. Wafugaji walijaribu mara kadhaa kuishi humo, malale yakawarudisha ukingoni, na milipuko iliendelea kujirudia hadi miaka ya 1980. Taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iliyoanzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, iliweka kituo Mbita, na mbung'o wa Lambwe wakawa miongoni mwa wadudu iliowatafiti.

Nzi huyo ndiye aliyelinda nyasi, na nyasi zikamlinda korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe ambaye ndani ya Kenya amebaki hapa tu. Hifadhi ndogo ilitangazwa 1966 kwa ajili yake, na 1983 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120. Baadaye vifaru pia waliletwa. Kadiri mitego ya mbung'o inavyofaulu, sababu ya binadamu kukaa mbali na bonde inapungua, na kinachobaki kuwazuia ni uzio. Vuli ndio wakati wa kumtafuta korongo kwa darubini kutoka Kanyamwa, kabla nyasi hazijampita kimo.