Dhahabu ya Unga na Mchanga Mweusi

Kila mama katika parokia zetu ajua kupeta mpunga. Aurusha juu kidogo kwa ungo, upepo wachukua makapi, na punje zilizo nzito zarudi ungoni. Mchimba dhahabu afanya kazi hiyohiyo mtoni, ila badala ya upepo atumia maji. Atia mchanga katika karai, azungusha, ainamisha, na maji yaondoka na matope pamoja na mchanga mweupe. Mwishoni hubaki chini ya karai mchanga mweusi kidogo, na ndani ya weusi ule madoa ya njano. Aliye mgeni hufurahi akidhani kazi imekwisha. Mzee wa kazi hujua kwamba ndiyo kwanza imeanza.

Sababu ni uzito. Mchanga mweupe una uzito wa maji mara 2,65. Mchanga mweusi, ambao sehemu kubwa yake ni madini ya chuma, wafika mara 5,2 hivi, na dhahabu safi mara 19,3. Tena kitu kikizamishwa majini hupunguziwa uzito kwa kadiri ya maji kiliyoyasukuma. Basi majini mchanga mweupe wabaki na 1,65, ule mweusi na 4,2, na dhahabu na 18,3. Hesabu, msomaji, nawe utaona: katika hewa dhahabu yaupita mchanga mweupe mara 7 na zaidi kidogo, majini yaupita mara 11. Lakini mchanga mweusi yaupita majini mara 4 na kidogo tu. Zaidi ya hayo, punje kubwa ya mchanga mweusi yaweza kuzama upesi sawa na punje ndogo ya dhahabu. Na dhahabu iliyo nyembamba sana yaweza hata kuelea juu ya maji, kama mdudu atembeaye kisimani, ikachukuliwa pamoja na povu.

Watu wa kale walijua taabu hiyo. Strabo, Myunani aliyeishi wakati wa Bwana wetu Yesu Kristo, aliandika habari za watu wa milima ya Kaukazi ambao mito yao ilileta dhahabu. Waliikamata kwa mifereji ya mbao yenye matundu na kwa ngozi za kondoo zenye manyoya. Aliona kwamba ile hadithi maarufu ya Wayunani juu ya ngozi ya dhahabu yatoka hapo. Plinio Mroma, aliyekufa mwaka 79, asimulia jinsi katika Hispania walivyotandika ndani ya mifereji mimea yenye miiba ili inase dhahabu. Baadaye waliikausha mimea ile, wakaichoma, wakaosha majivu yake juu ya majani mabichi. Hata majivu hawakuyatupa! Na mwaka 1556, mjini Basel, kilitolewa kitabu cha Georgius Agricola, tabibu Mjerumani aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ndani yake mna picha nyingi za mbao zenye mifuo na za vitambaa vilivyotandikwa chini ya maji yapitayo, kisha vikaoshwa katika pipa. Mchimbaji wa Ituri akizitazama picha hizo leo atatambua vyombo vyake mwenyewe.

Katika Kalifornia dhahabu ilionekana tarehe 24 Januari 1848, na watu wakaja kwa maelfu. Kwanza walitumia karai, halafu sanduku la kubembeza kama kitanda cha mtoto, halafu mifereji mirefu ya mbao. Dhahabu ya unga iliwaponyoka. Basi wakamwaga zebaki chini ya mifereji, maana zebaki hushikana na dhahabu na kuiacha mchanga. Nyingi ya zebaki hiyo ilikwenda na maji. Imepita miaka zaidi ya mia, na hata leo wakaaji wa huko huonywa wasile samaki wengine wa mito ile.

Kwetu Kongo, Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waligundua dhahabu karibu na Kilo mwaka 1903, na miaka miwili baadaye uchimbaji ulianza. Moto ulifuata. Mwaka 1926 iliundwa kompani ya Kilo-Moto, na mwaka 1966 mali ile ikawa ya serikali. Yasifichwe haya: wanaume wengi hawakwenda huko kwa hiari yao. Machifu waliagizwa kutoa watu, na vijiji vikalazimishwa kupeleka chakula machimboni. Wazee wetu walisimama katika maji baridi tangu asubuhi, wakitupia mchanga katika mifereji ya mbao, na dhahabu ikasafiri Ulaya. Ujuzi wa kuosha, lakini, ulibaki mikononi mwao. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliporuhusu raia kuchimba, wengi hawakuhitaji mwalimu.

Lakini walichobaki nacho kilikuwa karai na mfereji. Vyombo vya kumalizia kazi havikuwa mikononi mwa maskini. Mwishoni mwa karne ya 19, Arthur Wilfley wa Colorado alitengeneza meza yenye mifuo, inayotikiswa huku maji membamba yakipita juu yake. Dhahabu yafuata mifuo mpaka mwisho wa meza, mchanga mweusi washuka upande mwingine, ule mweupe upande mwingine tena. Mwaka 1943 Humphreys alitumia Oregon mfereji uliopindwa kama konokono, ambao wautenganisha mchanga mzito na mwepesi kwa mteremko wa maji tu. Ni vyombo vizuri, ila vyahitaji fedha. Zebaki yauzwa kwa chupa ndogo.

Kijana mmoja alinijia baada ya sala ya Dominika na kopo la maziwa limejaa mchanga mweusi. Akaniuliza kama namfahamu auzaye zebaki. Nilimwuliza angeichomea wapi. Akajibu: «Jikoni, katekista, mama hupika nje.»

Nikamweleza. Ukichoma donge la zebaki na dhahabu, zebaki yaondoka kwa mvuke usiouona wala kuunusa. Waingia pafuni, washika ukuta na makuti, na mtoto alalaye humo auvuta usiku kucha. Ile imwagwayo mtoni yageuka sumu kali zaidi iingiayo ndani ya samaki, na mama mwenye mimba amlaye ampitishia mwanawe aliye tumboni. Katika Minamata, Ujapani, ambapo ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956, kiwanda kilikuwa kimemwaga zebaki baharini. Watoto walizaliwa hali mishipa ya fahamu imeharibika, na mama zao walionekana wazima. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, una jina la mji huo.

«Basi dhahabu yangu niiache?» akauliza. Swali la haki, maana ndiyo karo ya wadogo zake.

Tulifanya hivi. Tuliukausha mchanga, tukauchekecha kwa chekeche mbili, ili punje zilizolingana ukubwa zioshwe pamoja. Ndipo uzito peke yake uamue. Tulitia katika maji tone la sabuni, dhahabu ikaacha kuelea. Aliosha kila fungu polepole katika karai dogo, juu ya beseni, hata tone lisipotee. Kilichobaki tulikikausha tena, tukapitisha sumaku iliyofungwa katika karatasi, nayo ikanyanyua sehemu kubwa ya weusi. Si wote: kuna mchanga mweusi usioitii sumaku, na huo alilazimika kuupuliza kidogo kidogo kwa pumzi. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, humaliza kwa kuyeyusha dhahabu pamoja na boraksi, bila zebaki. Boraksi hatukuwa nayo, lakini mnunuzi wa dhahabu hakulalamika.

Kazi ilichukua siku mbili. Kwa zebaki ingekuwa saa moja, naye alinikumbusha jambo hilo mara tatu. Mchanga uliobaki hakuumwaga. Aliurudisha koponi, akafunga kwa kitambaa, akasema ataosha tena mvua zikirudi.