Watu wa Milimita 19

Kisiwa cha Makoongwe kiko upande wa magharibi wa Mkoani, Pemba, na anayetaka kufika huko hupanda chombo. Makoongwe hakuna reli. Mkoani hakuna, Chake Chake hakuna, Wete hakuna, na haikuwahi kuwapo. Unguja, lakini, imewahi kuwa na reli, tena mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Sultani Barghash bin Said. Mwaka 1879 alitandika njia ya reli kutoka mjini hadi kasri yake ya Chukwani. Mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu, mpaka alipoagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza, mwaka 1881. Alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikafa. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, kuanzia mwaka 1904. Ilianzia nje ya Ngome Kongwe, ikapita katikati ya nyumba za mji na kufuata pwani kwenda kaskazini hadi kijiji cha Bububu, maili 7. Ilibeba abiria mpaka mwaka 1922, barabara na magari yalipoishinda, kisha ikamalizia umri wake ikikokota mawe ya ujenzi wa bandari. Leo ukienda Bububu kwa daladala huoni hata taruma moja.

Tuseme basi mtu anataka kuirudisha reli ile kwa njia pekee iliyobaki, yaani kwa kuitengeneza ndogo, juu ya meza. Ulaya na Marekani wapo watu wengi wenye kazi hiyo ya mapenzi. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli za kuchezea zenye vipimo maalum katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na tangu hapo mchezo wa watoto ukawa pia shughuli ya watu wazima wenye miwani na koleo ndogo. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1:87: kila kitu hupunguzwa mara 87. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 anakuwa milimita 19. Mnazi wa mita 20 unakuwa sentimita 23. Na reli nzima ya Bububu, maili zake zote 7, inakuwa mita 130 hivi.

Hapo ndipo kazi ya historia inapoanza. Hakuna mwenye meza ya mita 130. Lazima uchague vipande, na ukishachagua, lazima ujue kila kipande kilikuwaje. Katika maandishi unaweza kusema “treni ilipita kati ya nyumba” na msomaji akaridhika. Kwenye ubao haiwezekani. Nyumba ina mlango, na mlango una rangi, na mbele ya mlango kuna baraza, na juu ya baraza kuna mtu, na mtu huyo amevaa nguo. Ukiacha kitu, pengo linaonekana. Ukikisia, kisio lako linasimama pale milele limeshikwa na gundi.

Mtu aliyeielewa kazi hii mapema ni Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Katika mashamba ya bonde la White Horse aliona nyumba za kale za makuti ya kizungu zikibomolewa au kuezekwa upya kwa vifaa vya kiwandani, na hakuna aliyejali. Akaanza kuzipima na kuzijenga upya kwa kipimo cha 1:76, nyumba moja baada ya nyingine, pamoja na bustani, madirisha na mapaa yake. Mwaka 1954 kazi hiyo ilipata makao katika kijiji cha Long Wittenham, na leo inaitwa Makumbusho ya Pendon. Wageni huenda kutazama treni, lakini reli ilikuwa sehemu tu ya alichotaka England. Alitaka bonde libaki.

Usidhani wazo hili ni la Wazungu peke yao. Pwani yetu inalo, na ushahidi wake ni mtepe. Huo ulikuwa mtumbwi mkubwa wa kibiashara wa Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, uliokuwa ukichukua boriti na mizigo mingine. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari hata mmoja. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka. Omo yake ilichongwa mfano wa shingo na kichwa cha ngamia, ikapambwa kwa jicho na vitambaa. Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale mno: kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinataja mashua za kushonwa katika kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho huenda kilikuwa Pemba yenyewe, au Unguja, au Mafia. Lakini katika karne ya 20 mtepe ulitoweka baharini.

Kilichobaki ni picha chache, maelezo ya wasafiri na watafiti, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho. Mafundi walipoujenga upya mtepe wa ukubwa kamili mjini Zanzibar mwaka 2003, ukaitwa Shungwaya na kuwekwa ndani ya Beit el-Ajaib, hakukuwa na chombo cha asili cha kwenda kukigusa. Katika hali kama hiyo, mfano mdogo ndio unaokuonyesha kile ambacho maneno hayakukisema: uzi unapita wapi, kigingi kinakaa upande gani, mkeka unafungwaje kwenye foromali. Aliyetengeneza mfano wa namna hiyo kwa uvivu, akaacha mshono mmoja kwa sababu “hautaonekana”, amewanyima watu wa baadaye mshono huo. Jengo la Beit el-Ajaib nalo liliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020. Hata kubwa la mawe linaanguka.

Turudi kwenye ubao wetu wa Bububu. Tuseme tumechagua vipande vitatu. Cha kwanza ni mjini, pale treni inapopita karibu kabisa na kuta. Postikadi za mwanzo wa karne ya 20 zinaonyesha njia hiyo nyembamba, nyumba za ghorofa huku na huku. Ukuta wa Mji Mkongwe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ya pwani haibaki nyeupe. Mvua huipaka ukungu wa kijani karibu na ardhi, na chini ya mifereji ya paa kunakuwa na michirizi myeusi. Fundi wa reli ndogo hupata hali hiyo kwa rangi iliyozimuliwa sana, anayoiacha ishuke yenyewe ukutani kama maji yanavyoshuka. Kokoto za reli hubandikwa kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni, ili gundi ipenye bila kuzisogeza. Injini ya mvuke huacha masizi, kwa hiyo ukuta wa upande wa reli uwe mchafu zaidi kuliko ule wa upande wa pili.

Cha pili ni Mtoni, magofu ya kasri ya Sayyid Said, alikozaliwa Salme binti Said mwaka 1844. Jirani yake ni Marhubi, kasri ya Barghash iliyoungua mwaka 1899, miaka michache tu kabla ya reli. Ina maana kwamba abiria wa treni, tangu siku ya kwanza, alikuwa akipita penye gofu. Anayetengeneza Marhubi nzima yenye paa kwenye ubao wa mwaka 1905 amekosea kwa miaka 6, na kosa hilo linageuza maana ya safari yote. Reli ile haikupita katika enzi ya masultani wenye nguvu. Ilipita katika enzi ya Waingereza, na enzi ya kwanza ilionekana kutoka dirishani, imeungua.

Cha tatu ni Bububu yenyewe, mwisho wa reli, minazi na mikarafuu. Na hapa, kama mjini, tunalazimika kuweka watu.

Watu wa kipimo cha 1:87 huuzwa tayari katika maduka ya Ulaya. Wana makoti, kofia za duara na mabegi ya ngozi. Baadhi yao wangefaa, kwa sababu treni ya Bububu iliunganishiwa behewa maalum la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli waliotaka kuionja nchi kabla meli yao haijang’oa nanga. Lakini abiria wengi wa kila siku walikuwa wenyeji, na wenyeji hawauzwi dukani. Itabidi uwachonge na kuwapaka rangi mwenyewe. Mwanamke mmoja amesimama stesheni akisubiri treni. Ana milimita 19. Umvishe nini?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwezi Aprili 1897, kwa amri iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed kwa shinikizo la Waingereza. Uhuru haukuja wenyewe: mtumwa alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Treni ilipoanza kazi, basi, uhuru ulikuwa na umri wa miaka 8 tu, na haujawafikia wote. Na katika miaka hiyo nguo ilikuwa inasema. Merikani isiyopaushwa na kaniki nyeusi zilikuwa nguo za watumwa na watu wa chini. Kanga zenye rangi na maua zilikuwa nguo za wanawake waliotaka kuonekana kuwa si mali ya mtu tena. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Zanzibar, ameonyesha jinsi mavazi yalivyokuwa njia ya watu walioachwa huru kujiita Wazanzibari.

Kwa hiyo ncha ya brashi inapogusa mwili wa yule mwanamke, inaamua. Doa jeusi, ni kaniki. Doa jekundu na nukta nyeupe, ni kanga. Doa hilo halifiki sentimita moja, na ndani yake mna mahakama, fidia na jina alilojichagulia. Anayesema mapambo madogo ya reli ya mfano ni upuuzi hajawahi kulazimika kuchagua rangi hiyo. Jawabu la haki, nadhani, ni kuwaweka wote wawili stesheni, wa kaniki na wa kanga, wakisubiri treni moja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ubao wa reli ndogo unalifundisha, na hili linaonekana vizuri zaidi ukiwa Makoongwe kuliko ukiwa Bububu. Karibu kila reli ya mfano ina sehemu iliyofichwa. Nyuma ya kilima cha plasta au ubao uliochorwa mbingu, treni huingia kwenye uwanja usiotazamwa na wageni. Huko hupangwa, hugeuzwa na kusubiri zamu. Kwa mtazamaji, huko ndiko “kwingine”: mahali treni inapotoka na inapokwenda. Bila uwanja huo mchezo hauendi, lakini hakuna anayepanda hata jani moja huko.

Katika historia ya Zanzibar kama inavyosimuliwa mara nyingi, uwanja uliofichwa ni Pemba. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi, na karafuu ndizo zilizojaza hazina ya serikali. Lakini taa, kasri na reli vilikuwa Unguja. Mzigo wa Pemba ulishushwa mashamba kwa mabega na punda, ukapakiwa vyomboni Mkoani, Chake Chake na Wete, ukavuka bahari. Ukipunguza bahari hiyo mara 87, kilomita zake 50 hivi zinakuwa zaidi ya nusu kilomita. Haiingii kwenye chumba chochote. Ndiyo maana ni rahisi kuikata na kuanza hadithi gatini, mjini, magunia yakiwa yameshafika.

Dawa yake ni kuongeza kipande cha nne, hata kama hakina reli. Kiwe ubao mdogo tu mbele ya wageni: ufuo wa Mkoani, mashua mbili, na Makoongwe kwa mbali. Juu ya ufuo, mkarafuu wa sentimita 11 na nusu wenye mchumaji tawini. Chini yake wanawake na watoto wanachambua, karafuu huku, makonyo kule. Pembeni kuna majamvi ya kuanikia. Jamvi la mita 3 kwa 2 linakuwa milimita 34 kwa 23, na linaweza kusukwa kwa nyuzi halisi za mwaa uliochanwa, kama una subira.

Na karafuu zenyewe? Punje ya sentimita moja na nusu, ukiigawa kwa 87, ni chembe isiyofika robo ya milimita. Hakuna haja ya kuitengeneza. Chukua karafuu kavu ya Pemba, itwange, uinyunyize juu ya jamvi lenye gundi. Rangi itakuwa sahihi, kwa sababu ni yenyewe. Mgeni akiinama kutazama treni ya Bububu ataisikia harufu yake kwanza, na atauliza inatoka wapi.