Bwana John Strachey na Karanga za Nachingwea

Leo tutasoma habari za Mwingereza mmoja. Huenda jina lake ni geni kwenu, lakini kazi yake iligusa Lindi, Nachingwea na Mtwara. Jina lake ni John Strachey.

Kwanza tutazame ukoo wake. John Strachey alizaliwa tarehe 21 Oktoba, 1901. Wazee wake walikuwa watu wakubwa wa Somerset, magharibi ya Uingereza. Tangu mwaka 1801 walikuwa na cheo cha kurithi: baba akifa, mwanawe wa kwanza huitwa "Sir" badala yake. Wa kwanza kupewa cheo hicho, Henry Strachey, alikuwa katibu wa Robert Clive, jemadari wa Waingereza huko Bara Hindi. Baadhi ya wajukuu wa Henry nao walikwenda Bara Hindi wakashika kazi kubwa za serikali. Basi mwaona, kuamua mambo ya nchi za mbali ilikuwa desturi ya nyumba ile.

Baba yake John hakuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo cheo hakikumfikia. Yeye alikuwa mhariri na mwenye gazeti la Spectator. John alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kisha Oxford. Lakini hakufuata siasa za baba yake. Aliingia Chama cha Labour, yaani chama cha wafanyakazi, na mwaka 1929 akachaguliwa kuwa mbunge. Mwaka huo huo alimwoa mwanamke wa Marekani. Ndoa ile ilivunjika, na mwaka 1933 akamwoa Celia Simpson. Walipata watoto wawili. Mwaka 1931 alitoka Labour akapoteza kiti chake, akatunga vitabu vya kuwatetea maskini. Mwaka 1945 alirudi Bungeni kwa chama kile kile, akiwa mbunge wa Dundee. Mwaka 1946 akafanywa Waziri wa Chakula.

Sasa sikilizeni vizuri. Baada ya vita, chakula kilikuwa haba Uingereza. Siagi na mafuta ya kupikia viligawanywa kwa kipimo. Karanga hutoa mafuta. Basi mwaka 1946 watu watatu walitumwa Afrika kutazama ardhi. Walizunguka kwa wiki chache tu, na sehemu nyingi waliziona kutoka katika ndege. Wakasema ekari 3,210,000 zaweza kulimwa karanga, na sehemu kubwa kabisa iwe katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25. Strachey aliukubali mpango ule, akautetea Bungeni.

Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa makuukuu, mengi yakiwa masalio ya vita. Visiki na mizizi viliyavunja. Huko Kongwa mvua ilikosekana, na udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, karanga hazikung'oleka. Wenyeji walioijua ardhi ile na mvua zake waliajiriwa kufyeka, lakini mipango ilikuwa imekwisha kuandikwa bila wao.

Na Lindi je? Wakati ule Lindi ilikuwa makao makuu ya jimbo. Meli zilitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa pwani kwa tishali. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Lakini maji ya Lindi hayakufaa meli kubwa, ndipo ikaamuliwa bandari mpya ijengwe Mtwara. Baadaye makao makuu nayo yalihamia Mtwara. Hivyo Lindi ilipoteza heshima yake ya zamani kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota.

Mwaka 1950 Strachey alihamishwa, akawa Waziri wa Vita. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha. Ekari zilizofyekwa hazikufika hata sehemu moja kwa kumi ya zile zilizotakiwa. Pauni milioni 36 zilipotea. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, karanga zake zimekwisha kuwa hadithi. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Strachey alikufa Julai 1963, angali mbunge.

Je, alikuwa mtu mbaya? La. Aliwahurumia wenye njaa, na elimu alikuwa nayo. Kosa lilikuwa moja: aliwaamini walioitazama nchi kutoka juu, wala wenye jembe hawakuulizwa. Wazee husema, kuuliza si ujinga. Mkulima wa Nachingwea asiyejua kusoma alijua lini mvua huja na shamba gani hufaa. Waziri wa Oxford hakujua. Ninyi mnaojifunza kusoma leo mtakuwa na elimu zote mbili. Msiiache ya kwanza mtakapoipata ya pili.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini Waingereza walitaka karanga?
2. Lindi ilipata nini na ilipoteza nini?
3. Mtu akileta mpango mpya kijijini kwenu, mtamwuliza maswali gani?