Deni haliozi: mwenye deni akimbilie wapi?

Wazee wetu wanasemaka: deni haliozi. Leo kuna ndugu zetu wanaoomba kimbilio katika inchi za Ulaya wakisema: nikirudi kwetu, wale wanaonidai wataniua. Wengine wanawacheka. Lakini hofu hiyo si kitu kipya katika Kongo.

Tuangalie Walele, wanaokaa kati ya mito Kasai na Loange. Mary Douglas alifika kwao mwaka wa 1949, na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka wa 1963. Kwa Walele, deni kubwa lilikuwa deni la damu. Mtu akifa, walitafuta nani amemuua, hata kama ni kwa uchawi. Ukoo wa aliyehukumiwa ulitoa mtu, mara nyingi msichana, awe rehani. Watoto wake, na watoto wa binti zake, walibaki rehani vilevile. Njo maana ya deni lisiloza.

Hata hivyo rehani hakuachwa peke yake. Bwana wake alipaswa kumlinda kama baba na kumlipia deni la damu likimwangukia. Akitendewa vibaya, alikuwa bado na ukoo wake wa kuzaliwa.

Kijiji nacho kilikuwa na sura mbili. Mdai asiye na nguvu aliuzia kijiji haki yake. Kijiji kilimlipa, kisha kilienda kumkamata msichana kwa nguvu. Lakini mwanamke aliyekimbia taabu aliweza kuingia katika kijiji kingine, akapokelewa kuwa bibi wa kijiji. Mkono wa kukamata na mlango wa kukimbilia vilikuwa vya nyumba moja. Tusisifu mambo hayo: mkataba wa mwaka wa 1956 unahesabu utumwa wa deni pamoja na desturi zinazofanana na utumwa.

Na sheria ya leo je? Mkataba wa Geneva wa 1951 una milango mitano: rangi, dini, utaifa, kundi fulani la jamii, na mawazo ya siasa. Deni peke yake haliko. Kukosa makuta hakumfanyi mtu kuwa mkimbizi. Lakini mambo yanabadilika kama mdai anamtesa mtu juu ya kabila lake, au kama Leta inakataa kumlinda juu ya siasa yake. Tena, Umoja wa Ulaya uliweka mwaka wa 2004 ulinzi mwingine kwa mtu anayengojewa na kifo au mateso, hata kama mtesaji si serikali, ikiwa serikali haiwezi au haitaki kumlinda.

Kwa hiyo ni hatari kumshauri ndugu afiche deni na kujitungia hadithi ya siasa. Uongo ukionekana, hata hofu yake ya kweli haitaaminiwa tena. Aseme wazi: nani anamtisha, alitishwa namna gani, alishitaki wapi, na walimjibu nini.

Nasi tunaobaki tuna kazi yetu. Mkataba wa haki za raia wa 1966 unakataza kumfunga mtu juu ya kushindwa tu kulipa deni la mapatano. Mdai apeleke neno lake mbele ya wazee au tribinali, si kwa watu wa silaha. Deni haliozi, ni kweli. Basi kuna wakati wa kulilipa polepole, na mdaiwa akiwa mzima.