Barua za Shaaban Robert kwa Mdogo Wake



Wengi wetu tunaoishi upande huu wa Johannesburg hupita Braamfontein tukielekea mjini, na jicho huangukia majengo ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Ni wachache wanaojua kwamba chuo hicho kilitoa vitabu vya Kiswahili kabla sisi hatujazaliwa. Kilikuwa na mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika ulioitwa Bantu Treasury. Ulianza mwaka 1935 kwa mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi, na mhariri wake alikuwa Profesa C. M. Doke. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Kiswahili nacho kikaingia humo, kwa kitabu cha mashairi kiitwacho Pambo la Lugha. Vingine vya mwandishi yule yule vikafuata katika miaka ya 1950.

Mwandishi huyo ni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, akafariki Juni 1962. Tunamjua kwa Kusadikika na Adili na Nduguze tulivyovisoma shuleni. Tusichokumbuka sana ni kwamba mtu huyu alikuwa karani. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alitumikia Idara ya Forodha, kisha akapelekwa Mpwapwa katika idara ya mifugo. Mwaka 1946 akarudi Tanga, kwanza ofisi ya wilaya, na tangu 1952 ofisi ya upimaji ardhi. Vitabu aliviandika baada ya saa za kazi, akiwa na familia ya kulisha.

Haya tungeyajua kwa juu juu tu kama si mtu mmoja aliyekuwa na tabia ya kutunza karatasi. Huyo ni mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Kaka na mdogo walitenganishwa na vituo vya kazi, kama sisi tulivyotenganishwa na ndugu zetu leo, na dawa yao ilikuwa barua. Yusuf alizihifadhi. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa katika kitabu, Barua za Shaaban Robert 1931-1958, kwa msaada wa Profesa M. M. Mulokozi. Hebu fikirini: miaka 27 ya barua, na miaka mingine 44 tangu ile ya mwisho hadi siku ya kuchapishwa.

Ukizisoma utaona kwamba mambo ya nyumbani na mambo ya kazi hayakutengwa. Habari za jamaa, za ofisi, za miswada na za wachapaji zote zinakaa pamoja, kwa sababu ndivyo mtu anavyomwandikia ndugu yake. Katika vitabu vyake tunamkuta Shaaban mwalimu wa maadili, anayepima kila neno. Katika barua tunamkuta mtu mwenye haja na mashaka, anayeandika huku akisubiri jibu. Na alikuwa na sababu ya kusubiri. Mwandishi wa Tanga alitegemea posta kumfikia mchapaji aliyeko Johannesburg au London, na baadhi ya kazi zake, kama Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru, zilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake.

Wazungu wamezoea kutunza barua za watu wao. Henry Irving wa Uingereza, mwigizaji wa kwanza wa jukwaani kupewa cheo cha Sir, mwaka 1895, aliongoza ukumbi wa Lyceum jijini London. Meneja wake alikuwa Bram Stoker, yule aliyeandika Dracula, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kujibu barua za bwana mkubwa. Irving alifariki mwaka 1905, na baadaye watafiti walizikusanya barua zake na kuzipanga. Shaaban Robert hakuwa na meneja wala ukumbi. Alikuwa na mdogo wake. Na mdogo wake alitosha.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Mashairi yale ya Kiswahili yalipokuwa yakitoka Johannesburg, chama cha makaburu kilishinda uchaguzi wa 1948, na mwaka 1950 ikapitishwa sheria ya kugawa maeneo ya makazi kwa rangi. Randburg yenyewe ilipoanzishwa mwaka 1959 ilikuwa mji wa wazungu. Vitabu vya Shaaban vilichapwa kilomita chache kutoka hapa tulipo, lakini sheria isingemruhusu yeye kupanga nyumba mtaa wetu.

Sasa tuseme la kwetu. Tulipokuwa tukisomea uhandisi India mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaka yetu alituandikia kila mwezi kwenye zile karatasi nyembamba za buluu za barua za ndege. Alitueleza bei ya mahindi, ugonjwa wa baba, na jinsi alivyouza ng'ombe ili karo ipatikane. Tulipohitimu tulipakia vitabu na michoro, barua tukaziacha hosteli tukiona ni takataka. Kaka amekwisha kufariki. Michoro ile haina kazi tena, na sauti yake hatuna pa kuisikia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi mhandisi mzima tuliyefundishwa kutunza kumbukumbu hatukulizingatia.

Kwa hiyo ndugu zetu mlioko Muscat, Toronto, London na hapa Gauteng, mwenye barua za zamani ndani ya sanduku asizitupe. Aziweke pakavu, aandike nyuma jina na mwaka, awaonyeshe watoto. Na ujumbe tunaotumiana siku hizi kwa simu, ule wenye uzito tuuchape na kuutia kwenye faili, maana simu ikiibiwa huenda nao. Barua ni nusu ya kuonana. Kwa aliyetangulia mbele ya haki, ndiyo nusu pekee iliyobaki.