Gari la Namba B

Dalali wa magari Dar es Salaam haanzi na injini. Anaanza na pleti: T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo inayopanga bei. Gari la namba E husogelewa kwa heshima. La namba B huulizwa kama bado linatembea. Lakini herufi hiyo inaeleza lini gari liliandikishwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Gari la mwaka 1998 lililochelewa kushuka bandarini hubeba namba D na kuonekana la juzi, huku pacha wake wa kiwanda kimoja akiitwa mkweche kwa kosa la kutangulia kufika.

Pacha huyo, nyumbani kwetu Mbagala, ni Toyota Carina Ti. Carina ilianza kuuzwa Japani mwaka 1970, na kizazi chake cha mwisho, hiki chetu, kilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, Allion ilipochukua nafasi yake. Halikuwa gari la kujionyesha hata huko kwao. Lilikuwa la mtu mwenye mke, watoto na mshahara wa kawaida.

Limefikaje Mbagala? Japani gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Wengi huona heri kuuza mapema. Nao huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko upande tunaoutaka. Upande wetu mlango ulifunguliwa na bajeti ya 1984, iliyomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Kabla ya hapo, katika miaka ya uhaba wa mafuta, hata aliyekuwa na gari binafsi alikatazwa kuliendesha Jumapili baada ya saa nane mchana. Wazee wa mtaa wanaikumbuka marufuku hiyo kuliko hotuba nyingi za wakati ule. Kenya waliweka kikomo cha miaka 8 kwa gari linaloingia. Sisi tukachagua kutoza ushuru wa uchakavu na kuyaacha yaje.

Baba alipofariki mwaka 2013, Carina ilipandishwa juu ya mawe. Mama hakujua kuendesha na mimi nilikuwa bado sekondari. Gari halikutoka uani hata siku moja, lakini ada ya leseni ya kila mwaka ilizidi kuhesabiwa, na faini juu yake. Hesabu haikujali kwamba kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Ilifika mahali deni lilikaribia bei ya gari lenyewe. Wanunuzi wa chuma chakavu walipita na mizani yao zaidi ya mara moja. Mama aliwapa maji ya kunywa, hakuwapa gari.

Juni 2017 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alisoma bajeti iliyofuta ada hiyo na kusamehe madeni ya nyuma. Badala yake ushuru wa mafuta ulipanda kwa shilingi 40 kwa lita. Kwetu ilikuwa kama kufunguliwa pingu. Spea zilikuwa shida ndogo: injini ile ni ndugu wa injini za Corolla, na Gerezani hukosi kifaa. Wiki mbili baadaye fundi aliiwasha. Tangu hapo imewahisha wajawazito hospitali ya Temeke usiku na kubeba wafiwa na masufuria yao, na majirani huchangia mafuta tu.

Nikisoma historia sasa, katika masomo ya umahiri, sehemu ya bajeti ile ninayoirudia si ya msamaha. Ni ya mafuta ya taa. Nayo yaliongezewa shilingi 40 zilezile, kwa hoja kwamba yakibaki na bei ya chini yatachanganywa kwenye dizeli. Hoja ina ukweli wake. Ila mpangaji wa chumba cha uani kwetu, mama muuza vitumbua asiye na hata baiskeli, alikuwa akipikia jiko la mafuta ya taa. Kila alipotuma mtoto na chupa dukani, alikuwa akilipa sehemu ya ada ambayo Carina yetu ilikuwa imesamehewa.