Mfupa Hauna Haraka

Siku ya usajili wa jeshi mjini Lodwar, kijana huvua akala zake, hupimwa kimo, kisha hupanda mizani. Jeshi la Ulinzi la Kenya limekuwa likimtaka mwanamume afikishe angalau mita 1.60 na kilo 54.55. (Desimali hiyo isikushangaze: ni ratili 120 zilizogeuzwa kilo.) Kimo hakiwasumbui Waturkana, wafugaji wa eneo hili; kinachowarudisha baadhi yao nyumbani ni wembamba.

Na huyo mwembamba kafunzwa na nani? Utotoni alichunga vitoto vya mbuzi karibu na awi, yaani boma la familia. Alipokua, malisho yakamvuta mbali zaidi, kisima kikikauka akaenda hadi kingine. Hakuna afande aliyempigia filimbi. Mwili ulizoea mwendo mwaka baada ya mwaka.

Kuruta anayefunzwa na jeshi Eldoret hana miaka hiyo. Anavishwa buti, anabebeshwa mzigo, anapigishwa kwata kwa miezi michache tu, tena zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Lodwar iko kama 500. Misuli hutii upesi, mfupa hautii. Ukilemewa, hubomoa kwanza sehemu zake kuukuu ndipo ujenge mpya, na katikati ya kazi hiyo ndipo hupasuka. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza miguu iliyovimba ya askari waliotoka kwenye matembezi marefu. Nyufa zenyewe zilionekana mwaka 1897, baada ya eksirei kugunduliwa. Sijui ni makuruta wangapi kabla ya hapo walioitwa wavivu.

Wapiga upinde wa Uingereza ya kale walifanana zaidi na wafugaji kuliko na makuruta wa kambini. Katika mabaki ya Mary Rose, meli iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa 1982, kuna mabega ambayo ncha ya mfupa wake haikuungana. Wataalamu wanadhani ni alama ya kuvuta upinde tangu ujana. Tofauti ni kwamba upinde ulielemea bega, ilhali uchungaji huugawa mzigo mwili mzima.

Kakuma, huko huko Turkana, inavuruga ulinganisho huu wa mchungaji na kuruta, na ni vizuri uvurugwe. Kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, ikapokea wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia. Nao walitembea utotoni, pengine kumshinda mchungaji. Lakini mwendo uliomjenga mmoja uliwadhoofisha wengine, kwa sababu mchungaji, ukame usipomkaba, hurudi jioni kwenye maziwa. Wao hawakuwa na pa kurudi.

Hapo ndipo kambi ya jeshi inapostahili sifa: inalisha. Kwa hiyo naona mizani ya Lodwar inauliza swali lisilofaa. Kilo mbili tatu zilizopungua zitapatikana mesini, kwa ugali na maharagwe, kabla ya gwaride la kuhitimu. Miaka kumi ya kutembea haipatikani Eldoret.